Komwe arobaini na kifuu kimoja: kumchezesha mtoto hesabu nyumbani

Mjukuu wangu wa miaka minne huhesabu mpaka ishirini bila kuvuta pumzi. Jioni moja nilimpangia komwe saba, zile mbegu za kuchezea bao, barazani nikamwambia, "Nihesabie, baba." Kidole kikatambaa taratibu, mdomo ukatoka mbio, na kidole kilipogusa komwe ya mwisho mdomo ulikuwa umeshafika kenda. (Kenda ni neno la kwangu. Shuleni wanasema tisa, naye anazo zote mbili na huzitumia apendavyo.) Akaniinulia uso akingoja nimpigie makofi.

Mtoto huyu hana kasoro. Anao wimbo wa namba, ila hajaufunga kwenye vitu. Miaka niliyofundisha chekechea hapa Lamu, wengi waliletwa wakiwa na wimbo huohuo, na mzazi husimama mlangoni akasema kwa fahari, "Huyu hesabu anajua." Michezo iliyo hapa chini ni ya kuufunga wimbo huo, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minane. Mingi haitaki hata shilingi moja.

Vya kutafuta kwanza

Komwe arobaini, zile zile za kuchezea bao. Kama huna mkomwe karibu, chukua mbegu za ubuyu zilizokwisha kumumunywa uzioshe uzianike, au kokoto, au makome madogo ya ufuoni. Tafuta pia chaki, dadu ya ludo, njiti arobaini na kitu za ufagio wa chelewa, uzi, sarafu chache, na kifuu kimoja cha nazi. Kifuu kiwe cha upande usio na macho. Mimi nilianza na kile chenye matundu, nikastaajabu jinsi mtoto alivyokuwa hodari wa kukisia, mpaka nikamwona ameinama jicho moja limefumbwa.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu komwe hazifai, hata ukiwa umekaa naye goti kwa goti. Zitaishia mdomoni au puani. Huyo mpe ndimu au viazi.

Wakati wetu ni baada ya alasiri, watoto wakisharudi kutoka chuoni (madrasa) na kabla hawajaitwa kuoga. Dakika kumi zinatosha. Ukiona ameanza kuwatazama paka wanaopita kichochoroni, mmemaliza kwa siku hiyo, funga mfuko.

Jambo moja kabla ya yote, nami nililijua kwa kuharibu. Mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nikimpa peremende kwa kila jibu sahihi. Haikupita wiki akawa anauliza kwanza leo ni peremende ngapi, kisha anatupa majibu ovyo ovyo akitumaini moja litapata. Niliacha. Tuzo niliyobaki nayo hadi leo ni hii: ukipata, zamu inakuwa yako kuniuliza mimi. Hakuna mtoto niliyemwona akaichoka.

Hatua ya kwanza: kuhama mtaa

Weka komwe tano upande mmoja wa sinia. Kila anapotaja namba, anahamisha komwe moja upande wa pili. Mkono ukishika kitu, mdomo hulazimika kuusubiri. Hiyo ndiyo dawa ya kidole na mdomo kuachana, na mjukuu wangu ilimchukua siku nne.

Akimaliza, muulize, "Ziko ngapi?" Sikiliza vizuri hapa. Mtoto akianza kuhesabu upya toka moja, bado hajajua kuwa namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Usimsahihishe. Mwache ahesabu tena, kesho muulize tena. Siku atakayokujibu "tano" papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la wazi, umevuka.

Kisha zitawanye. Tano zilizobanana, zivute ziwe safu ndefu mbele ya macho yake, umuulize kama zimeongezeka. Wa miaka minne wengi watakwambia ndiyo, sasa ni nyingi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alilichunguza hilo kwa watoto wa kwao. Nami nimeliona kwa wa Mkomani na wa Langoni, mitaa ya hapa Lamu, bila tofauti yoyote. Halifundishwi kwa kuelezwa. Atahesabu, atatawanya, atahesabu tena, na siku moja atakucheka kwa kumuuliza.

Hatua ya pili: Bibi amekosea

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote. Hesabu wewe, kwa sauti, na ukosee makusudi. Ruka sita. Gusa komwe moja mara mbili. Sema "kumi na tatu, kumi na tano". Kazi ya mtoto ni kukukamata.

Mwanzoni fanya kosa kubwa, la wazi, maana mtoto mdogo haamini kwamba mkubwa anakosea. Atanyamaza, atakutazama, atadhani yeye ndiye hajui. Baada ya siku mbili tatu atapiga kelele, "Bibi! Umeruka!" Hapo mwulize, "Nimeruka ipi?" Kukuonyesha kosa lilipo ni kazi kubwa kuliko kuhesabu mwenyewe, kwa sababu inambidi ashike mfuatano wake kichwani huku akisikiliza wako.

Usikosee kila mara. Mara nyingine hesabu sawasawa, umtazame kwa wasiwasi kana kwamba umeharibu. Akisema, "La, hiyo sawa," basi anasikiliza kweli.

Hatua ya tatu: kifuu

Mpe komwe tano azihesabu. Afumbe macho. Funika baadhi kwa kifuu, nyingine ziache nje. Afumbue. "Nje ziko mbili. Ndani ya kifuu?"

Nitasimulia lililotokea kwa huyu wa miaka minne. Mara ya kwanza alisema "nyingi". Mara ya pili alitaja namba ya kubahatisha. Mara ya tatu alinyamaza, akainua mkono wa kushoto, akakunja vidole viwili kwa ajili ya komwe mbili za nje, akavitazama vitatu vilivyosimama. Akasema, "Tatu," polepole, kama anayesoma. Akakinyanyua kifuu mwenyewe. Zilikuwa tatu. Hakushangilia. Alikirudisha kifuu chini akasema, "Tena."

Basi mwacheni ahesabie vidole. Binti yangu aliwahi kuzuiwa na mwalimu mmoja asihesabie vidole, eti ni tabia ya wazembe. Akaanza kuvificha chini ya dawati, na kwa kuwa hakuviona akawa anakosea zaidi. Vidole ni kifuu alichozaliwa nacho mtoto. Ataviacha mwenyewe siku atakapoona vinamchelewesha.

Kaa na tano mpaka ajibu bila kufikiri, ndipo uende sita, saba, hadi kumi. Usikimbilie kumi, wiki nzima kwa namba moja si nyingi. Siku nyingine usifunike kitu, komwe zote ziwe nje na kifuu kitupu. Atakisia hiki na kile, kisha atainua akute hamna. Kicheko hicho ndicho somo la sufuri, halihitaji lingine.

Akishaimudu kumi, andikeni kwa chaki jozi zake ukutani kwa siku chache: moja na kenda, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Zitarudi baadaye.

Hatua ya nne: mbio za korija

Lugha yetu ina zawadi moja kwa mtoto. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linamwambia kuna kumi na kitu juu yake. Kisha tukifika mbele tunamtupa. Ishirini, thelathini, arobaini ni majina yaliyotujia kwa Kiarabu, na hayamwambii mtoto chochote kuhusu makumi mawili, matatu, manne. Kwangu tunayataja mawili mawili: "makumi mawili, ishirini", "makumi matatu, thelathini". Anayepita nje atadhani tunasoma uradi.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mmoja kwa zamu anarusha dadu na kuchukua njiti za chelewa kwa idadi iliyotoka. Ukifikisha kumi, unazifunga kwa uzi kuwa mtumba mmoja. Wa kwanza kupata mitumba miwili ana korija, ameshinda. Korija ni ishirini, na wauza boriti za mikoko wa huku wamezihesabu kwa korija tangu enzi za majahazi. Mjukuu mkubwa nilipomwambia kwamba babu wa babu yake alipakia boriti kwa hesabu hiyo hiyo, akataka tubadilishe njiti ziwe fito na pau, na sinia iwe jahazi. Tukabadilisha.

Wiki ya pili chezeni kinyumenyume, na hapa ndipo penye faida. Kila mmoja anaanza na korija yake, mitumba miwili iliyofungwa, na anatoa kila dadu inachosema. Dadu ikitoka nne, utatoaje nne na huna njiti iliyo wazi? Mwache ahangaike. Atakuomba uzi ukatwe. Mwache aukate mwenyewe, aone mtumba mmoja umekuwa njiti kumi, atoe nne, abaki na mtumba mmoja na sita. Mwalimu wake wa gredi ya pili atakapomwambia "kopa kumi", atakuwa ameshakopa mara mia kwa mikono yake.

Hatua ya tano: bao la watoto

Bao lenyewe, lile la wazee, lina mashimo 32 na kete 64, na si la mtoto wa miaka mitano. Mchoreeni dogo.

Chora sakafuni vyumba vinane, safu mbili za vyumba vinne vinne. Tia komwe tatu kila chumba, jumla 24. Safu iliyo mbele yako ni yako. Kwa zamu yako, chagua chumba chako kimoja, zoa komwe zote zilizomo, uzigawe moja moja katika vyumba vinavyofuata, ukielekea kulia kwako, kisha ukizunguka kwa safu ya mwenzio. Komwe ya mwisho ikiingia chumba chako chenye komwe, unakula zilizo katika chumba kinachotazamana nacho na kuziweka kando. Ikiingia chumba kitupu, au upande wa mwenzio, umelala, zamu inahama. Mchezo unakwisha mmoja akikosa komwe kwenye safu yake, au mkiona zamu zinapita hakuna anayekula. Mwenye nyingi alizokula ndiye mshindi.

Kabla hajazoa, muulize swali moja tu: "Ya mwisho itaangukia wapi?" Mwanzoni ataelekeza kwa kidole chumba kwa chumba. Baadaye atatumia macho peke yake. Hiyo ni kujumlisha, ingawa hakuna aliyeitaja. Na kuna siri ambayo usimwambie: mwanzo wa mchezo, chumba cha kushotoni kabisa ndicho pekee kinachokula. Vyote vingine vinalala. Wangu mmoja aliigundua siku ya tatu, akawa kila mara anaomba kuanza yeye, na sababu akainyamazia.

Mwishoni hesabuni alizokula yeye, ulizokula wewe, na zilizobaki. Zikipungua 24, mtu amekalia komwe.

Kwa mkubwa wa miaka saba au nane, bao la wazee lina fumbo zuri la kuanzia. Kila mchezaji ana kete 32. Anapanga sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando. Mkononi zimebaki ngapi? Ajue jibu kwa hesabu, kisha mtume akawaulize wazee wanaocheza barazani. Watamjibu 22 bila kuinua macho.

Sarafu na mafumbo

Sarafu za Kenya zilizotoka 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kwa mtoto asiyejua kusoma hii ni neema. Mpe fumbo: ndovu mmoja hubadilishwa kwa wanyama gani? Bila twiga ziko njia nne ukimhesabu ndovu mwenyewe: ndovu, simba wawili, simba na vifaru wawili, vifaru wanne. Ukiwatia twiga, njia zinakuwa kumi. Twiga siku hizi ni wa kutafuta, kwa hiyo wachoreni kwenye vikaratasi. Msiambiane ziko ngapi mpaka atakaposema zimekwisha, kisha mwulize amejuaje kuwa zimekwisha. Swali hilo la pili ndilo gumu.

Fumbo la kuvuka wazee hulitega kwa chui, mbuzi na majani. Langu ni la Lamu zaidi. Una paka, kifaranga na kibaba cha mtama, uko ng'ambo, kisiwani Manda, mtumbwi wako hubeba wewe na kimoja tu. Paka akiachwa na kifaranga, atamla. Kifaranga akiachwa na mtama, ataumaliza. Utavukaje? Usilisimulie tu. Chora mkondo kwa chaki, mtumbwi uwe kiatu, na watoto wenyewe wawe paka na kifaranga. Nahodha akikosea, paka anamrukia kifaranga, na hapo hakuna haja ya wewe kusema umekosa. Watakwama palepale wanapokwama wote, kwa sababu mtoto haamini kwamba mtu aliyekwisha kumvusha kifaranga anaweza kumrudisha. Safari ni saba: kifaranga kwenda, kurudi mtupu, paka kwenda, kurudi na kifaranga, mtama kwenda, kurudi mtupu, kifaranga kwenda.

Maumbo sitayakalia. Mkeka uko chini yenu na zidaka (vishubaka vya kuwekea vitu) ziko ukutani. Muulize ni upande upi unaofanana na upi, na aukunje mkeka kuhakikisha.

Saa yenye mkia

Hili ni la wa miaka saba na kuendelea, na limewasumbua wengi kwa sababu shuleni husoma saa kwa Kizungu na nyumbani huishi kwa saa ya Kiswahili. Wengine hufundishwa kutoa sita na kujumlisha sita, wakachanganyikiwa ipi ni ya lini. Kuna njia ya macho. Chora uso wa saa kwa chaki, weka njiti iwe mshale mfupi, na umwambie mshale una kichwa na mkia. Kichwa kinasema Kizungu, mkia unasema Kiswahili. Kichwa kikiwa kwenye kumi, mkia unaelekea nne: saa nne. Kikiwa kwenye saba, mkia unaelekea moja. Ni kwa sababu kila namba inatazamana na ile iliyo mbali nayo kwa sita, lakini hilo aligundue mwenyewe akisha kuzungusha njiti mara kadhaa.

Mraba wa kumi na tano

Chora mraba wenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Andika moja hadi kenda kwenye vikaratasi. Apange ili kila safu, ya kulala, ya kusimama na ya pembe kwa pembe, ijumlike 15. Ni fumbo la zamani mno, na mkubwa asiyelijua litampa shida vilevile.

Usitoe msaada siku ya kwanza. Siku ya pili sema tu, "Tano inapenda kukaa katikati." Mjukuu mkubwa, wa miaka minane, aliiweka, akabaki anatazama. Akauliza, "Kwa hiyo zilizobaki mbili zifanye kumi?" Akainuka, akaenda ukutani zilikoandikwa zile jozi za kifuu za mdogo wake, zimefutika nusu. Akarudi akaanza kuzitazamanisha: moja na kenda, mbili na nane. Za shufwa, yaani mbili, nne, sita na nane, zilimkalia kwenye kona baada ya kujaribu kwingine kote. Safu ya juu ikawa mbili, saba, sita. Ya kati kenda, tano, moja. Ya chini nne, tatu, nane.

Kurudisha komwe

Kila mchezo unafungwa kwa kuhesabu komwe zikirudi mfukoni, nayo ni kazi ya mdogo kuliko wote. Jana zilifika thelathini na nane. Nilijua moja imeingia chini ya kitanda. Ile nyingine ilianguka kutoka mfuko wa kanzu tulipokuwa tunamvua akaoge, naye akasema kabla sijauliza, "Sasa ni thelathini na kenda."